Jinsi ya Kupima Uwezo wa Moyo na Mapafu kwa Mbio za Dakika 12

Katika maabara ya sayansi ya michezo, uwezo wa mtu wa kutumia oksijeni hupimwa kwa kumkimbiza juu ya mashine akiwa amevaa barakoa inayopeleka hewa anayopumua kwenye kifaa cha kuichambua, huku kasi ikiongezwa hatua kwa hatua hadi ashindwe kuendelea. Wazo la kwamba kila mwili una kikomo cha oksijeni unayoweza kuitumia kwa dakika lilielezwa mwaka 1923 na Archibald Hill, mwanafiziolojia wa Uingereza, pamoja na mwenzake Hartley Lupton, na hadi leo kikomo hicho ndicho kipimo kinachoheshimiwa zaidi cha ustahimilivu wa moyo, mapafu na misuli kwa pamoja. Shida ni kwamba mashine hizo ni ghali na ni chache, na kocha wa shule ya kata hana njia ya kuzifikia.

Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alichapisha njia ya mkato. Aliwakimbiza wanaume 115 wa jeshi hilo kwa dakika 12, akapima umbali waliofika, kisha akalinganisha na matokeo yao ya maabara na kukuta kwamba vipimo viwili hivyo vinakwenda pamoja kwa kiasi kikubwa sana. Tangu hapo mbio hizo zimetumika majeshini na mashuleni, na kwa miaka mingi waamuzi wa mpira wa miguu walipimwa kwazo. Kukimbia dakika 12 hakuhitaji maelezo mengi. Kinachowashinda wengi ni kuyaweka sawa mazingira ya mbio hizo kila zinaporudiwa, ili umbali wa mwezi huu uweze kulinganishwa kwa haki na umbali wa miezi miwili ijayo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayofanyika kabla na baada ya kukimbia.

Hatua ya kwanza: Hakikisha mwili wako unaruhusu

Mbio hizi zinakusudiwa kukufikisha karibu na mwisho wa uwezo wako, kwa hiyo si za kila mtu. Usizifanye kabla ya kuonana na daktari ikiwa uliwahi kuambiwa una tatizo la moyo, ikiwa kifua hukuuma unapofanya kazi ngumu au hata ukiwa umepumzika, ikiwa hupatwa na kizunguzungu au umewahi kuzimia, ikiwa unatumia dawa za presha au za moyo, au ikiwa una tatizo la mifupa na viungo linaloweza kuzidishwa na kukimbia. Mwenye ugonjwa wa selimundu asijaribu kabisa bila ushauri wa daktari, na hata mtu aliyerithi kinasaba cha ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu juhudi kali kwenye joto kali imewahi kuwaangusha wanamichezo wa aina hiyo waliokuwa wakionekana wazima. Mjamzito aache kipimo hiki hadi atakapojifungua na kuruhusiwa.

Homa nayo ni sababu tosha ya kuahirisha. Mtu aliyetoka kuugua malaria wiki iliyopita anaweza kujiona amepona, lakini namba atakayoipata itasema habari za malaria zaidi ya habari za mazoezi yake. Na kwa aliyekaa muda mrefu bila mazoezi yoyote, ni busara kutembea kwa kasi na kukimbia mchakamchaka kwa wiki kadhaa kwanza, kisha ndipo ajipime.

Hatua ya pili: Pima mapigo ya moyo ya mapumziko

Mapigo ya mapumziko hupimwa asubuhi baada ya kuamka, ukiwa bado umelala, kabla ya kwenda msalani na kabla ya chai. Weka kidole cha shahada na cha kati juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ukibonyeza kidogo tu. Usitumie kidole gumba chenyewe, kwa kuwa kina mapigo yake yanayoweza kukuchanganya. Wanaopendelea shingo wabonyeze upande mmoja tu na kwa wepesi, maana mshipa wa shingo una vihisio vya presha ambavyo vikikandamizwa huufanya moyo upunguze mwendo, na hapo utakuwa umekibadilisha kitu kilekile unachokipima.

Hesabu kwa sekunde 60 kamili, na pigo linaloangukia mwanzo wa saa liite sifuri, si moja. Fanya hivyo kwa asubuhi saba mfululizo, zipange namba zako kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chukua ile ya katikati. Kwa mtu mzima, mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika huhesabiwa kuwa ya kawaida, na wakimbiaji waliozoea mazoezi ya muda mrefu wanaweza kuwa na 50 au hata arobaini na kitu bila ugonjwa wowote. Faida kubwa ya namba hii ni kwamba inakuonya: ukiamka siku ya kipimo ukakuta mapigo yamepanda kumi juu ya kawaida yako, usingizi ulikuwa haba au kuna ugonjwa unaokunyemelea, na ni afadhali kusubiri siku nyingine.

Hatua ya tatu: Pima uwanja wenyewe

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika, tena kimyakimya. Uwanja rasmi wa riadha una mita 400 kwenye njia ya kwanza ya ndani peke yake. Anayekimbia kwenye njia ya pili anaongeza takriban mita 7 kila raundi, kwa hiyo mtu aliyezunguka raundi sita kwenye njia ya pili akajiandikia mita 2,400 amejipunja zaidi ya mita 40. Kama mwezi ujao atakimbia kwenye njia ya kwanza kwa mwendo uleule, kumbukumbu zake zitamwonyesha amepiga hatua ambayo hakuipiga.

Wengi wetu, hata hivyo, hatuna uwanja wa riadha, tuna uwanja wa mpira ambao mistari yake ilichorwa kwa majivu au haikuchorwa kabisa. Uwanja wa mpira wa kimataifa wenye mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346, lakini viwanja vya shule hutofautiana sana na usikubali namba ya kuambiwa. Kama futi kamba ndefu haipatikani, tumia baiskeli. Jaza upepo wa kutosha, chora alama ya chaki kwenye tairi la mbele mahali linapogusa ardhi, weka alama nyingine ardhini hapohapo, kisha isukume baiskeli kwa mstari ulionyooka hadi gurudumu lizunguke mara kumi. Pima umbali huo kwa futi kamba fupi, hata kama utaupima kwa vipande, na ugawanye kwa kumi. Tuseme umepata mita 21.6, kila mzunguko wa gurudumu basi ni mita 2.16. Sasa isukume baiskeli kuuzunguka uwanja kwa njia ileile watakayopita wakimbiaji, huku mwenzako akihesabu kila mara alama ya chaki inapogusa chini. Ukipata mizunguko 160, raundi moja ya uwanja wako ni mita 345.6. Wapimaji wa njia za marathoni duniani nao hutegemea gurudumu la baiskeli lililosahihishwa kwa umbali unaojulikana, isipokuwa wao wana kihesabu maalumu kilichofungwa gurudumuni.

Kwenye kila pembe simika mti au kibendera na uagize kwamba kila mmoja apite kwa nje yake, la sivyo wajanja watakata kona na kuokoa mita kadhaa kila raundi. Weka pia alama ndogo kila baada ya mita 20 kuzunguka uwanja, kwa kuwa zitahitajika filimbi ya mwisho itakapopigwa. Programu za simu zinazopima umbali kwa satelaiti zinafaa kwa mazoezi ya kila siku, lakini kwenye kuzunguka uwanja mdogo hukosea, hasa konani na chini ya miti mikubwa, nami sizipendekezi kwa kazi hii.

Hatua ya nne: Chagua saa, na uishikilie

Mwili unaofanya kazi hutoa joto jingi, na njia yake kuu ya kulitoa ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi, kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa miezi ya kabla ya masika, jasho hutiririka bila kukauka, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi badala ya misuli, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa kasi ileile ya mbio. Kwa hiyo ukiwa pwani, jipime alfajiri kuelekea saa 12 asubuhi, na kipimo kinachofuata kifanyike saa hiyohiyo. Andika hali ya hewa na hali ya ardhi, kwa kuwa matope ya masika hupunguza umbali bila kuugusa moyo wala mapafu.

Mwinuko nao una deni lake. Iten nchini Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, hewa ina asilimia 21 ileile ya oksijeni iliyopo Zanzibar, lakini mgandamizo wake ni takriban robo tatu tu ya ule wa usawa wa bahari, hivyo oksijeni inayoingia kwenye damu kwa kila pumzi hupungua. Mtu wa pwani aliyefika huko juzi atakimbia umbali mfupi kuliko kawaida yake, na upungufu huo hausemi lolote kuhusu juhudi zake. Linganisha matokeo ya mahali pamoja tu.

Saa tatu kabla ya kipimo usile mlo mzito, na siku hiyo usinywe kahawa wala vinywaji vya kuongeza nguvu, wala usitafune miraa, kwa kuwa vyote hivyo huyapandisha mapigo. Ukiwa mtu usiyeweza kuanza siku bila kahawa, kunywa kiasi kilekile kila unapojipima, kwani kuikosa ghafla kuna athari zake.

Hatua ya tano: Kimbia

Pasha mwili moto kwa dakika 10 hadi 15: anza kwa kutembea, ongeza hadi mchakamchaka, kisha malizia kwa mbio fupi tatu au nne za kasi unayotarajia kuitumia. Mpe msaidizi saa, filimbi na kokoto mkononi. Kila unapompita kwenye mstari wa kuanzia, aweke kokoto moja mfukoni. Hesabu ya kichwani huharibika baada ya raundi ya tatu, kwa mkimbiaji na kwa msaidizi pia.

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kasi isiyobebeka. Mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, lakini Bayi alikuwa Bayi. Wewe anza kwa mwendo unaokuacha ukiweza kutamka sentensi fupi kwa shida, uushikilie hadi dakika ya nane, kisha ongeza kadiri pumzi inavyoruhusu. Ukilazimika kutembea, tembea, kwa kuwa saa haisimami na umbali wa kutembea unahesabiwa. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au baridi na vipele vya kutetemeka wakati jua ni kali, acha mara moja, kaa kivulini na usiachwe peke yako.

Msaidizi apige filimbi dakika ya 12 inapotimia, nawe uweke alama pale mguu wako ulipokanyaga wakati huo. Umbali wako ni raundi kamili ukijumlisha mita kutoka mstari wa kuanzia hadi kwenye alama hiyo.

Hatua ya sita: Hesabu mapigo kabla hujalala chini

Mara tu filimbi inapolia, tafuta mshipa na uhesabu kwa sekunde 15, kisha uzidishe kwa nne. Tembea polepole, na dakika moja baada ya filimbi hesabu tena kwa namna hiyohiyo. Tofauti ya namba hizo mbili huonyesha jinsi moyo unavyorudi kwenye utulivu. Mwaka 1999 watafiti wa Cleveland nchini Marekani, waliofuatilia wagonjwa 2,428 kwa takriban miaka sita, walionyesha kwamba wale ambao mapigo yao yalipungua kwa 12 au chini ya hapo katika dakika ya kwanza ya kupoza mwili walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki. Hao walikuwa watu waliopelekwa hospitalini kupimwa moyo, kwa hiyo kijana mzima asitishwe na namba moja ya uwanjani. Zaidi ya hayo, kukosea pigo moja katika sekunde 15 ni kukosea mapigo manne kwa dakika. Lakini anayepata tofauti ndogo namna hiyo kila anapojipima ana sababu nzuri ya kwenda kuonana na daktari.

Wengi hupenda kulinganisha mapigo ya mwisho na kanuni ya 220 kutoa umri, inayokisia mapigo ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufikia. Kanuni iliyochapishwa mwaka 2001 na Hirofumi Tanaka na wenzake, yaani 208 kutoa asilimia 70 ya umri, ina ushahidi bora zaidi. Kwa mwenye miaka 40 zote mbili hutoa 180, ila kwa mwenye miaka 60 ya kwanza hutoa 160 na ya pili 166. Hata hivyo zote ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo kumi au zaidi bila kasoro yoyote.

Hatua ya saba: Piga hesabu

Chukua umbali kwa mita, toa 504.9, kisha gawanya kwa 44.73. Jibu ni makisio ya mililita za oksijeni unazoweza kutumia kwa kila kilo ya uzito wako kwa dakika. Aliyezunguka uwanja wetu wa mita 345.6 mara sita na kuongeza mita 190 amefika takriban mita 2,264, na makisio yake ni 39.3. Aliyefika mita 2,000 hupata 33.4, na aliyefika 2,800 hupata 51.3. Mtu aliyekaa kimya hutumia takriban mililita 3.5, kwa hiyo mkimbiaji wetu wa kwanza anaweza kuuendesha mwili wake kwa zaidi ya mara kumi na moja ya kiwango cha mapumziko.

Kanuni hii ilitokana na wanaume wanajeshi, na kwa wanawake, watoto na wazee inaweza kupotoka. Kwa sababu hiyo mimi huona umbali wenyewe, kwa mita, ni kumbukumbu ya kweli zaidi kuliko makisio yanayotokana nao, na kama daftari lako lina nafasi ya namba moja tu, andika mita.

Hatua ya nane: Ujue kwanza kuyumba kwako

Kabla ya kuanza programu yoyote ya mazoezi, rudia kipimo chote baada ya siku tatu au nne za mapumziko mepesi. Tuseme mara ya kwanza ulifika mita 2,264 na mara ya pili 2,310. Hujapata nguvu mpya ndani ya siku nne. Umejifunza tu kugawa mwendo, au usingizi ulikuwa mzuri zaidi. Tofauti hiyo ya mita 46 ndiyo kuyumba kwako kwa kawaida, na baada ya wiki nane za mazoezi ongezeko la mita 40 halitakuwa habari, ilhali ongezeko la mita 200 litakuwa. Anza kulinganisha kutoka kipimo cha pili, kwa kuwa cha kwanza kina ugeni ndani yake.

Kati ya kipimo na kipimo acha wiki sita hadi nane. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na hicho ni kiasi kinachofaa kuanzia. Usitarajie kufanana na mwenzako. Katika utafiti wa HERITAGE uliofanyika Marekani na Kanada, watu 481 waliokuwa hawafanyi mazoezi walipewa programu ya aina moja kwa wiki 20. Kwa wastani uwezo wao uliongezeka kwa takriban lita 0.4 za oksijeni kwa dakika, lakini wapo ambao hawakuongeza karibu chochote na wapo walioongeza zaidi ya lita nzima. Urithi ulichangia sehemu ya tofauti hizo, kwa kuwa watu wa familia moja walielekea kufanana.

Ukiwa kocha au mwalimu

Anayepima darasa zima ana mitego yake. Ukiwachagua watoto kumi waliofika umbali mfupi zaidi na kuwapa mazoezi ya ziada, baadhi yao watapanda kwenye kipimo kinachofuata hata kama mazoezi hayo hayakuwasaidia kitu, kwa sababu miongoni mwao wamo waliokuwa na siku mbaya tu, na siku mbaya haijirudii kwa kila mtu. Njia ya haki ni kuligawa kundi zima kwa kura, nusu waanze mazoezi sasa na nusu waanze baada ya wiki nane, kisha mabadiliko ya makundi mawili yalinganishwe. Atakayeshika saa kwenye kipimo cha pili ni afadhali asijue nani yuko kundi gani.

Matokeo ya kila mtoto apewe yeye na mzazi wake, yasisomwe mstarini mbele ya wenzake. Na kama unakusudia kuyachapisha au kuyatumia katika tasnifu, hilo sasa ni utafiti juu ya binadamu: wazazi watie saini ya ridhaa, watoto wenyewe wakubali, na kibali kiombwe kwenye kamati ya maadili ya utafiti, ambayo kwa Tanzania inaweza kuwa ya chuo chako au ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kwa Kenya huambatana na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Maombi hayo hupelekwa kabla mtoto wa kwanza hajakimbia, kwa kuwa kamati hazitoi kibali kwa takwimu ambazo tayari zimekusanywa bila ruhusa.